Tarishi na Msimamizi Wake

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu chombo ambacho baadhi yenu mmekitumia pasipo kukijua jina, na ambacho baadhi ya vijana wenu wanaosanifu programu za kompyuta huenda siku moja wakatakiwa kukiunda; nacho ni programu ya kusimamia proksi, inayokaa katika kompyuta ya mezani au mpakato na kufanya kazi moja kwa namna moja, mashine iwe ni ya Windows, iwe ni ya macOS, ama iwe ni ya Linux. Nafahamu kwamba jina hilo ni zito masikioni mwa wengine, lakini nawaomba subira kidogo, kwa kuwa nitaanza na kisa kilichonifika mimi mwenyewe, na kisa hicho ndicho kitakachotuongoza mpaka mwisho.

Siku moja ya masika, wakati wa magharibi, nikiwa katikati ya kazi yangu, umeme ulikatika. Kompyuta yangu ni ya mezani, haina betri, basi ilizimika ghafula kama kibatari kilichopulizwa. Baada ya saa nzima umeme ulirudi, nikaiwasha mashine, ikaamka salama, alama ya Wi-Fi ikaonyesha kwamba mtandao umeshikwa barabara. Lakini kila ukurasa nilioufungua ulikataa. Nikachukua simu yangu, ambayo ilikuwa ikitumia Wi-Fi ile ile, nikaona mambo yote yanakwenda kama maji. Nikazima ruta nikaiwasha, nikachomoa nyaya nikazichomeka, na mwisho nikawapigia wanaoniuzia intaneti nikawaambia maneno ambayo leo nayaonea haya, maana hawakuwa na kosa hata chembe. Kijana mmoja wa jirani, fundi wa mambo haya, aliposikia sauti yangu imepanda alibisha hodi, akaniamkia, akaketi mbele ya mashine, akafungua ukurasa wa mipangilio ya proksi, akanionyesha kitufe kilichokuwa kimewashwa na chini yake maandishi mafupi: 127.0.0.1, na ubavuni mwake namba 1080. "Mzee," akasema kwa adabu, "kompyuta yako inampa barua zote tarishi ambaye hayupo." Akakizima kile kitufe, na intaneti ikarudi, kazi yote haikutimia nusu dakika.

Maandishi yale yana maana yake. Namba 127.0.0.1 ni namna ya kompyuta kujitaja nafsi yake, kama vile mtu asemavyo "mimi". Na 1080 ni namba ya mlango, mmoja katika milango 65,535 ambayo kompyuta inaweza kuipokelea mazungumzo ya mtandao, na kwa ada ya mafundi mlango huo ni wa proksi za aina ya SOCKS. Ndani ya mashine yangu ilikuwamo programu niliyoiweka kwa haja zangu, nayo ilikuwa imeamuru kwamba mawasiliano yote yapitie mlango ule, ambako yenyewe ilikuwa ikiyangoja. Umeme ulipokatika, programu ile ilikufa pasi na kupata wasaa wa kuitangua amri yake. Amri ilikuwa imekwisha kuandikwa diskini, kwa hiyo ilibaki. Na mashine ilipofufuka iliendelea kumtii marehemu. Tokea siku hiyo nimekuwa nikiutazama usanifu wa programu hizi kwa jicho jingine, na rai yangu ni kwamba kila programu inayogusa mipangilio ya mashine ya mtu imeshika amana, na ustadi wa aliyeiunda hupimwa kwa namna inavyoirudisha amana hiyo kwa mwenyewe, hata siku isiyokuwa na umeme.

Kwanza tumjue tarishi mwenyewe. Proksi ni wakala, na mawakala mmewazoea, kwani kila mtaa una kibanda cha mtu anayepokea pesa zenu na kuzituma kwa simu. Huyu wa mtandao ni wakala wa maneno. Hwendi wewe kwa mwenye tovuti. Unampa yeye ujumbe, yeye anakwenda, yeye anarudi na jibu, na mwenye tovuti huiona anwani ya tarishi, haioni yako. Kazi hii si ya jana. Mwaka 1992, katika mkutano wa USENIX wa usalama wa kompyuta, David na Michelle Koblas walieleza mpango walioupa jina la SOCKS, ambao makusudio yake yalikuwa ni kuwawezesha watu waliomo ndani ya ngome ya mtandao wa shirika wafike nje kupitia lango moja lenye mlinzi. Mwaka 1994, seva ya CERN, maabara iliyo jirani na Geneva ambako wavuti wenyewe ulizaliwa, ilikuwa imekwisha kufundishwa kazi ya uwakala pamoja na kazi ya kuhifadhi nakala za kurasa. Na mwezi wa Machi 1996 toleo la 5 la SOCKS lilitangazwa kuwa kanuni katika waraka uitwao RFC 1928, nalo ndilo linalotumika mpaka leo.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki, waliosoma vyuoni kabla ya mkongo wa baharini wa SEACOM kuanza kazi Julai 2009 huenda wakamkumbuka tarishi huyu kwa sura nyingine. Zamani hizo mawasiliano yetu na ulimwengu yalikuwa yakipanda angani hadi kwenye setilaiti na kushuka tena, kwa gharama kubwa na kwa mwendo wa kobe, na chuo kizima kiligawana uzi mwembamba mmoja. Ndipo seva ya proksi, aghalabu ile iitwayo Squid, ilipowekwa katikati ili ukurasa uliokwisha kusomwa na mwanafunzi mmoja asubuhi ukae ghalani, na mwanafunzi wa pili aupate pale pale pasipo kuupandisha tena mbinguni. Kila aliyeingia maabara ya kompyuta alipaswa kujua anwani ya proksi na namba ya mlango, 3128 au 8080, na aliyeikosea alikaa bure. Kwa hiyo elimu hii ya kuandika anwani ya tarishi kwa mkono tulikuwa nayo. Tulichokikosa ni msimamizi.

Haja ya msimamizi ilizidi matarishi walipozidi. Huko China, ambako serikali imejenga kizuizi kikubwa cha kuchuja mawasiliano ya nchi na nchi, mwaka 2012 ilitokea programu iitwayo Shadowsocks, iliyoyafunga maneno kwa siri kabla ya kuyapitisha. Na baada yake zikafuata V2Ray, Trojan na nyingine nyingi, kila moja na lahaja yake. Mtu mmoja leo aweza kuwa na proksi ya ofisi yake, proksi ya kujaribia tovuti anayoijenga ili aione kama inavyoonekana na mtu aliye nchi nyingine, na proksi ya tatu ya kujikinga anapotumia Wi-Fi ya hoteli, na zote tatu haziongei lugha moja. Tena matarishi hawa hawana uso. Hawana dirisha wala kitufe. Huamshwa kwa amri iliyoandikwa kwa herufi, husoma maagizo yao katika faili, na ukisahau mkato mmoja katika faili hilo hukataa kuamka na kukutupia mstari wa maneno ya Kiingereza usiojulikana kichwa wala miguu. Msimamizi basi ana kazi ya kutunza orodha ya matarishi wote, kuwaandikia maagizo yao kwa usahihi, kuwaamsha na kuwalaza, kuielekeza mashine iwatumie, na kumwambia mwenye mashine ukweli wa mambo yalivyo.

Kazi ya kuielekeza mashine, ambayo kwa mtazamaji ni jambo la kubonyeza kitufe tu, ndiyo inayomtoa fundi jasho, kwa sababu nyumba tatu alizokusudia kuzihudumia zimejengwa kwa desturi tatu. Katika Windows, mpangilio wa proksi wa kila mtumiaji umeandikwa mahali pamoja ndani ya rejista ya mfumo, na vivinjari vilivyo vingi huutazama hapo. Lakini zipo programu zisizoshughulika kuutazama. Katika macOS, kila njia ya mtandao ina mpangilio wake peke yake, Wi-Fi na wake, waya na wake, hata mtu aliyewasha proksi akiwa kwenye waya akahamia Wi-Fi hujikuta ameuacha mpangilio nyuma kama aliyesahau mwavuli mskitini. Na katika Linux hakuna hata makubaliano ya mahali pa kuandika: GNOME na KDE, ambazo ni namna mbili za madirisha ya Linux, kila moja ina daftari lake, na programu zinazoendeshwa kwa amri za maandishi husikiliza jina liitwalo http_proxy, ambalo hulichukua pale tu zinapozaliwa, kwa hiyo dirisha la amri lililofunguliwa kabla ya kubadilisha mpangilio halipati habari ya badiliko hilo mpaka lifungwe na kufunguliwa upya.

Msanifu mwepesi, akizikuta desturi hizi tatu, hutapanya mambo yake ovyo, akawa kila penye kitufe anauliza kama hii ni Windows ama siyo, na baada ya mwaka mmoja hakuna ajuaye, hata yeye mwenyewe, ni wapi panapofanywa nini. Msanifu mwenye busara huandika mkataba mmoja wenye vitenzi vitatu, navyo ni soma, weka na rudisha, kisha nyuma ya mkataba huo akaweka mafundi watatu, kila mmoja akiijua nyumba yake, ilhali sehemu nyingine zote za programu haziwajui mafundi hao kwa majina na hazina haja ya kuwajua. Angalieni kwamba kitenzi cha kwanza ni soma na cha mwisho ni rudisha, sikusema zima. Baina ya kuzima na kurudisha pana tofauti kubwa, nami nitairejea baadaye.

Kuhusu mbao za kuundia chombo chenyewe, mafundi hubishana sana, nami sitakawia hapo. Tokea mwaka 1995 kulikuwa na Qt, iliyotoka Norway, ambayo humpa fundi madirisha yanayofanana katika mifumo yote, kwa sharti ajue lugha ngumu ya C++ au apate mtu wa kumfasiria. Mwaka 2013 kampuni ya GitHub ilianzisha kitu ambacho baadaye kiliitwa Electron, ambacho hubeba kivinjari kizima cha Chromium ndani ya kila programu, hata programu ndogo ya kuwasha na kuzima proksi hupita megabaiti 100 kabla ya fundi kuandika mstari wake wa kwanza. Na mwaka 2022 ilitoka Tauri katika toleo lake la 1.0, ambayo haibebi kivinjari bali huazima kile kilichomo tayari katika mfumo, kwa hiyo programu yake huweza kuwa ya megabaiti chache. Lakini kwa kuwa vivinjari vya kuazima vimetofautiana, dirisha lililonyooka katika Windows laweza kupinda katika Linux. Mimi, nikikumbuka kwamba wengi wetu hununua intaneti kwa bando na kwamba kila toleo jipya hupakuliwa tena, nina mwelekeo wa kupenda chombo chepesi, na kumvumilia fundi atoe siku kadhaa za kunyoosha madirisha yake. Mahali ambapo intaneti haina kipimo mtu mwingine aweza kuamua kinyume, na asiwe amekosea.

Lililo kubwa kuliko mbao ni ugawaji wa vyumba. Programu ya namna hii ifaa iwe na sehemu tatu zisizochanganyika: uso, ambao mtu huuona na kuubonyeza, tarishi mwenyewe, anayebeba mawasiliano, na mtumishi mdogo mwenye mamlaka. Nitaeleza huyu wa tatu anatoka wapi. Kwa kuwa ziko programu zisizoutazama mpangilio wa proksi, mafundi walibuni njia ya kuweka ndani ya mashine kadi ya mtandao isiyokuwa ya chuma, iitwayo TUN, ambayo mfumo huiamini kama kadi ya kweli, na kila programu, itake isitake, hupitisha mawasiliano yake hapo. Ni njia yenye nguvu, lakini ina masharti mawili. La kwanza, mawasiliano ya tarishi mwenyewe kwenda kwa seva yake lazima yatolewe katika hukumu hiyo, ama sivyo yatazunguka na kurudi kwake yeye mwenyewe daima, kama mtu anayechota maji kisimani na kuyamwaga kisimani. La pili, kuiweka kadi hiyo kunahitaji mamlaka ya msimamizi wa mfumo, ambaye anaweza kubadilisha kila kitu ndani ya mashine.

Hapo ndipo msanifu mvivu anapoteleza, akaiendesha programu yake yote kwa mamlaka hayo, pamoja na madirisha, picha, na kila ukurasa unaofunguliwa ndani yake, ili apunguze usumbufu wa kuombwa nenosiri. Lakini nani humpa bawabu funguo za hazina kwa sababu tu bawabu anahitaji ufunguo wa lango? Ilivyo sawa ni kumpa mamlaka mtumishi mdogo asiyekuwa na dirisha, anayejua amri chache zinazohesabika kwa vidole, kama vile kuweka kadi, kuondoa kadi, kuweka njia, kuondoa njia, na anayekataa amri nyingine yoyote. Mtumishi huyo asikubali kuambiwa "endesha programu iliyoko mahali fulani", kwa sababu siku mahali hapo patakapowekwa programu ya mwizi, naye mtumishi ataiendesha kwa utiifu ule ule, na nyumba itakuwa imefunguliwa kutoka ndani.

Sasa narejea kwenye amana, na kwenye jioni ile ya giza. Programu iliyo amini haigusi mpangilio wa mashine kabla ya kusoma ulivyokuwa na kuuandika katika hati. Na hati hiyo haiachwi katika kumbukumbu ya muda, maana kumbukumbu hiyo hufa pamoja na umeme, bali huhakikishwa kwamba imetua diskini ndipo hatua ya pili ifuatwe. Hatua ya pili ni kumwamsha tarishi. Ya tatu ni kuugonga mlango wake na kusubiri aitike, kwani huenda programu nyingine imekwisha kuushika mlango wa 1080. Ya nne, na ya mwisho, ndiyo kuiambia mashine impelekee tarishi barua. Wakati wa kufunga mambo hugeuzwa: mashine huambiwa kwanza isimpelekee tena, kisha tarishi hulazwa, kisha hati huchanwa. Anayegeuza utaratibu huu, akamlaza tarishi kabla ya kuizuia mashine, humpa mwenye nyumba muda wa kukosa intaneti. Na akifa katikati, huacha yale yaliyonikuta mimi.

Tena programu inapozaliwa upya, jambo lake la kwanza liwe ni kutazama kama ipo hati ambayo haikuchanwa. Ikiwapo, maana yake ni kwamba mara iliyopita ilikufa vibaya. Basi iutazame mpangilio wa sasa: ukiwa ni ule ule iliouweka yenyewe, iurudishe wa zamani, ukiwa ni mwingine, ijue kwamba mtu mwenye haki yake ameubadilisha katikati, iuache ulivyo na iichane hati. Na kwa kuwa mtu aweza kuiwasha mashine yake asiifungue programu ile, kama nilivyofanya mimi, pengine hata kwa juma zima, haitoshi kungoja ifunguliwe. Panatakiwa kitu kidogo kinachoamka kila mtumiaji anapoingia, kitazame hati, kirudishe amana ikiwa ipo, kisha kilale. Mistari yake ya msimbo si mingi. Lau ingalikuwamo katika programu niliyokuwa nikiitumia, nisingaliwalaumu watu wasio na hatia.

Nilisema pana tofauti baina ya kuzima na kurudisha, na huu ndio mfano wake. Mtu ana mpakato wa kazini ambao ofisi yake imekwisha kuuwekea proksi yake. Jioni yuko nyumbani, anatumia programu yetu, kisha anaifunga. Programu inayojua kuzima tu huikuta proksi imewashwa, huizima, na kuona imetenda wema. Asubuhi yake mtu huyo anafika ofisini na hawezi kufungua chochote, kwa sababu mpangilio wa ofisi yake umefutwa na mgeni. Programu inayojua kurudisha huweka pale pale anwani ya ofisi iliyoikuta. Ya kwanza imefuata sheria ya kitufe. Ya pili imefuata sheria ya amana.

Linabaki suala la ukweli. Programu nyingi za aina hii zina taa ya kijani na neno linalosema kwamba umeunganishwa, lakini ukiuliza taa hiyo inathibitisha nini utaambiwa kwamba inathibitisha tarishi ameamka, basi. Kuamka si kufika. Taa ya kweli huwaka baada ya ujumbe halisi kutumwa kupitia kwa tarishi na jibu kurudi. Na inapokataa kuwaka hueleza sababu kwa maneno ya watu, kwamba tarishi hakuamka, au ameamka lakini seva ya mbali haijibu, au seva imejibu lakini imelikataa nenosiri, kwani dawa za maradhi haya matatu hazifanani. Na maneno hayo yaweza kuwa ya Kiswahili pasipo taabu yoyote: washa, zima, jaribu tena, mlango umeshikwa na programu nyingine. Vilevile programu itaje mambo isiyoyafunika. Ipo kasoro moja ambayo hufichika: mtu huyapitisha mawasiliano yake kwa tarishi, lakini jina la tovuti anayoiendea mashine yake huenda kuliuliza nje, kwa seva ya majina ya mtandao ule ule alioukusudia kuukwepa, ikawa kama aliyeifunga barua kwa lakiri kisha akamuuliza kila mpita njia nyumba ya mwandikiwa. SOCKS ya toleo la 5 inaruhusu jina lenyewe akabidhiwe tarishi akaliulize huko aendako. Msanifu aliyeiacha ruhusa hiyo bila kuitumia, na bado akawasha taa ya kijani, amehadaa.

Mambo mengine nitayapita upesi. Manenosiri yasiandikwe wazi katika faili, kwa kuwa kila mmoja wa mifumo hii mitatu una kasha lake la siri. Na daftari la matukio, ambalo watu hulituma kwa wengine wanapoomba msaada, lifute siri hizo kabla ya kuhifadhiwa. Programu isijifiche katika kialama kidogo penye saa ya kompyuta ikadhani itaonekana daima, kwani GNOME katika toleo la 3.26 la mwaka 2017 iliondoa mahali pa vialama hivyo, na mtumiaji wa Linux atakuwa na programu inayokwenda asiyoiona. Na aliyeunda programu ya macOS ajue kwamba tangu toleo la 10.15, la mwaka 2019, Apple huitaka programu inayogawiwa nje ya duka lake iwe imekaguliwa nayo, ama sivyo mtumiaji hupokewa na onyo la kutisha. Mwisho wa haya ni sheria: Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitangaza kuwataka watu na makampuni wanaotumia VPN, ambayo ni ndugu wa proksi, watoe taarifa zao kwake ifikapo tarehe 30 ya mwezi huo. Kila nchi ina kanuni zake, na anayetumia chombo hiki ni wajibu wake kuzijua za nchi aliyomo.

Wasikilizaji wangu, wasaa niliopewa unakaribia ukingoni, nami nina maneno mawili ya kuagana. La kwanza ni kwenu nyote. Siku kompyuta yenu itakapokataa mtandao ilhali simu iliyo karibu nayo inaupata, kabla ya kumkaripia mtu yeyote fungueni mipangilio ya proksi. Mkikuta imewashwa na anwani yake ni 127.0.0.1, mjue kwamba pana tarishi aliyekufa, na dawa yake ni kukizima kitufe kile.

La pili ni kwenu, vijana mnaounda vyombo hivi. Programu yako ikiisha kupendeza, madirisha yakiwa yamenyooka na taa inawaka, iwashe katika kompyuta ya mezani, iache ipitishe mawasiliano, kisha nenda ukutani ukachomoe waya wa umeme. Hesabu mpaka kumi, urudishe waya, uiwashe mashine, na bila ya kuifungua programu yako fungua ukurasa wowote wa intaneti. Ukurasa ukifunguka, umemaliza kazi. Usipofunguka, rudi ukakae kitini.